Kijana Aliyeandika "Nilikuwepo"

Alisoma mpaka kwenye jiwe, akanyamaza.

Kilikuwa kipindi cha mwisho, kidato cha tano, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Madirisha yalikuwa wazi na harufu ya dagaa wanaoanikwa kule ufukweni ilikuwa inapanda mpaka darasani. Kijana alisimama mbele ya wenzake na daftari lake, akisoma insha aliyoiandika mwenyewe kuhusu asubuhi moja sokoni. Sauti imepigwa: mwizi! Watu wanakimbia. Naye anakimbia, kwa sababu kila mtu anakimbia. Halafu ikaja sentensi hii, ninayoinukuu kwa ruhusa yake: "Nilipofika karibu nikaona nina jiwe mkononi, na sikumbuki niliinama saa ngapi kuliokota."

Akafunga daftari, akaenda kukaa.

Kutoka viti vya nyuma binti mmoja akauliza, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kujua:

"Ulirusha?"

Kengele ikagongwa.

Swali lile nimetembea nalo wiki nyingi sasa. Nimekuwa nalo kwenye daladala ya Buzuruga, hapa Mwanza, nimekuwa nalo jikoni, nimekuwa nalo kanisani wakati wa mahubiri. Halinisumbui kwa sababu nataka jibu. Linanisumbua kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia aandike.

Serikali inapaswa

Aliyepita shule zetu anaijua insha ya masuala ya jamii hata usingizini. Maana ya tatizo, sababu, athari, mapendekezo. Na mwishoni, bila kukosa: serikali inapaswa, jamii ielimishwe, wazazi wawajibike.

Nina wanafunzi wanaoishi juu kwenye miamba ya Igogo na Mabatini, nyumba zilizobebana na mawe, ambako si kila mlango una bomba na ndoo hupanda mlima kichwani mwa mtu kabla hakujakucha vizuri. Mpe mmoja wao mada ya uhaba wa maji. Ataandika kwamba tatizo la maji linazikabili nchi nyingi zinazoendelea. Ataandika kwa ufasaha, atapata alama zake. Ile shingo iliyobeba ndoo alfajiri ya siku hiyohiyo haimo popote kwenye karatasi.

Siwalaumu. Tumewafundisha hivyo, nami nimo.

Muhula uliopita niliwapa mada ya kujichukulia sheria mkononi. Nilipokea insha nzuri sana. Karibu zote zilitaja Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, ile inayokataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Ibara ya 14, haki ya kuishi, nayo ilikuwemo. Polisi kuchelewa kufika, rushwa, watuhumiwa kuachiwa na kurudi mtaani kesho yake: vyote vilikuwemo. Wote walipinga. Na katika rundo lote lile hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuwa karibu na tukio.

Nikaliangalia darasa. Watoto wa Kirumba, Igoma, Buhongwa, Mkolani. Watoto wa masoko, stendi na mialo. Haiwezekani.

Magazeti nayo huandika hivyohivyo. Unapata jina la mtaa, unapata kauli ya kamanda wa polisi wa mkoa, unaambiwa mwili umehifadhiwa hospitali. Waliopiga ni "wananchi." Sijawahi kusoma habari ambayo mtu mmoja kati ya hao anasimama na kusema: nilikuwepo, nilikuwa nimesimama hapa, mkononi nilikuwa na hiki.

Basi nikabadilisha zoezi. Chagua jambo la kijamii, nikawaambia, lakini uliandike ukiwa ndani yake. Usiniambie jamii ifanye nini. Niambie wewe ulikuwa wapi.

Tembo na umati

Huwezi kumwambia mtu aandike hivyo bila kumwonyesha inavyofanyika, kwa hiyo tulianza na insha ya mwandishi Mwingereza George Orwell ya mwaka 1936, ile ya kumpiga tembo risasi. Tuliisoma kwa Kiingereza, kisha nikaruhusu mjadala uwe wa Kiswahili, maana nilitaka wabishane kwa lugha wanayogombania nayo nyumbani.

Orwell alikuwa ofisa wa polisi wa kikoloni Burma miaka ya 1920. Tembo wa kufugwa amekata mnyororo, amebomoa kibanda, ameua ng'ombe, amemkanyaga kibarua wa Kihindi akafa. Orwell anaagiza bunduki iletwe. Umati unamfuata, watu elfu mbili au zaidi kwa makadirio yake. Anapomfikia, tembo ametulia, anang'oa majani na kula. Anajua palepale kwamba hapaswi kumuua. Kisha anageuka, anaona zile nyuso zote zikimsubiri. Anafyatua.

Nilitegemea tuanze na ukoloni. Wao walianza na umati.

Binti mmoja kwao ni upande wa Bunda, ambako tembo wakitoka Serengeti usiku shamba la mahindi linakwisha kabla ya asubuhi. Huyu hakumwonea tembo huruma hata kidogo. Angempiga mapema zaidi. Kilichomkwama kooni ni mahali pengine, karibu na mwisho, Orwell anapoandika kwamba alifurahi yule kibarua kuwa amekufa, kwa sababu kifo chake kilimpa uhalali wa kisheria wa kumpiga tembo.

Darasa likalipuka. Mtu gani anaandika kitu kama hicho?

Nikawauliza: kwa nini amelisema? Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna shahidi aliyekuwa ndani ya moyo wake. Angeweza kuandika kwamba alimsikitikia marehemu na hakuna ambaye angejua.

Mmoja akasema anatafuta sifa ya ukweli. Mwingine, kijana mpole ambaye huwa haongei, akasema: "Asingelisema, tungekuwa upande wake, na angekuwa ametudanganya." Tulikaa na hilo mpaka kipindi kikaisha.

Kabla ya kutoka, yule binti wa Bunda akaongeza jambo ambalo kwenye maandalizi yangu halikuwepo kabisa. Tembo ameelezwa mpaka pumzi zake za mwisho, akasema, lakini kibarua hana hata jina.

"Unawafundisha kuungama?"

Ofisini niliwasimulia wenzangu kuhusu insha ya jiwe, bila kumtaja mwandishi. Mwalimu mmoja mtu mzima, niliyemkuta kazini na ninayemheshimu sana, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza:

"Mwalimu, unawafundisha kuandika au unawafundisha kuungama?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ananitahadharisha. Anayeungama ana pazia, akasema, na padre amefungwa kutunza siri. Darasa lina masikio kila dawati, na kila sikio lina mtaa wake. Halafu akanikumbusha mtihani: huko hawatamuuliza alikuwa wapi siku ile, watamtaka ajadili hoja.

Sikumjibu siku ile. Nimekuwa nikimjibu kichwani tangu hapo.

Naona hivi. Anayeungama anataka aondolewe mzigo. Orwell haombi aondolewe chochote. Anaonyesha jinsi jambo lilivyotendeka, hatua kwa hatua, ndani ya mtu mmoja aliyejua kabisa kwamba si sahihi. Na hicho ndicho insha zetu za mapendekezo haziwezi kukigusa, kwa kuwa zinaanza jambo likiwa limeshatokea. Kati ya sauti ya "mwizi!" na mtu kuwa chini kuna dakika chache tu. Ndani ya dakika hizo watu wenye akili timamu, wenye watoto, wengine ndio kwanza wanatoka ibadani, wanainama na kuokota. Nataka kujua ndani ya kule kuinama kuna nini. Katiba haiwezi kuniambia. Aliyeinama anaweza.

Ndipo nikawaletea James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, insha iliyokipa jina kitabu chake cha mwaka 1955, Notes of a Native Son. Kijana mweusi, Baldwin mwenyewe, yuko New Jersey wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na kila anakoingia kula anaambiwa weusi hawahudumiwi. Usiku mmoja anaingia mgahawa wa watu wenye hadhi, akijua kabisa atakachoambiwa. Mhudumu anakuja, anamwambia. Anachukua chombo cha maji kilichoko mezani, anamrushia. Kinamkosa, kinavunja kioo kilichoko ukutani. Anakimbia kuokoa maisha yake.

Huyu alirusha, na anasema alirusha. Baadaye anaandika kwamba mambo mawili yalimkaa usiku ule: angeweza kuuawa, na yeye mwenyewe alikuwa tayari kuua. Ubaguzi haujapungua ubaya hata chembe kwa yeye kusema hivyo. Ila mkono nao umebaki kuwa wake.

Katika insha hiyohiyo kuna ghasia za Harlem, mjini New York, za mwaka 1943. Askari mweusi alipigwa risasi na polisi mzungu, na uvumi ukaenea kwamba amepigwa mgongoni na amekufa; uvumi ukawa mkubwa kuliko tukio. Baldwin anaeleza kwamba watu hawakujali kuuhakikisha, kwa sababu ulifanana mno na hasira na hofu walizokuwa nazo tayari. Tulipofika hapo nilimwona kijana wetu akiandika kitu pembeni mwa ukurasa. Wiki hiyo alikuja ofisini akaniambia, "Madam, mimi sikumwona yule mtu akiiba. Na sijui hata nani alipiga kelele ya kwanza."

Nikamwambia aandike hilo.

Babu na yowe

Likizo fupi kijana alikwenda kwao, upande wa Magu. Akamweleza babu yake habari ya sokoni, akiogopa atagombezwa. Babu hakushangazwa na mbio. Zamani, alimwambia, yowe likipigwa unatoka. Usiku, mvua, unatoka na rungu lako. Usipotoka, siku likipigwa kwako utabaki peke yako na wezi wako.

Wengi wetu huku Usukumani tumelelewa na masimulizi hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, walizuka Usukumani na Unyamwezini kwa misingi hiyohiyo: anayesikia ana wajibu. Babu hakuyapamba. Alimwambia mjukuu wake kwamba nao walipiga watu, na wengine waliumizwa vibaya, na wengine hawakuwa na kosa.

"Lakini kulipokucha," alisema, "kila mtu alijua nani kampiga nani. Ninyi huko mjini mnapiga halafu mnapanda daladala."

Kijana aliiandika kauli hiyo kwenye insha yake kama alivyoisikia, bila maelezo. Ni sehemu bora kuliko zote. Nami ilinifungua macho. Mbio za sokoni si unyama uliotoka hewani. Zina mizizi katika jambo jema, watu kutokuachana. Kilichokatika ni kule kujuana. Kwenye umati wa soko la mjini hakuna ninayemjua na hakuna anayenijua, kwa hiyo jiwe langu halina mwenyewe. Insha ya nafsi inalirudishia jiwe mwenyewe. Siijui aina nyingine ya uandishi shuleni inayofanya kazi hiyo.

Uso mmoja kati ya wengi

Na hapohapo ndipo hofu yangu ilipo.

Sokoni asubuhi ile walikuwepo wengi. Wenye vibanda, wapakizi, mabodaboda, watu waliokuja kununua nyanya. Wote wamerudi kwenye shughuli zao. Aliyesimama na kusema nilikuwepo ni mmoja tu, na ndiye mdogo kuliko wengi wao. Polisi walifika mapema siku ile. Yule mtu alipakiwa kwenye difenda akiwa hai. Nashukuru Mungu kwa hilo kila nikiiwaza insha. Lakini je, wasingefika? Ningekuwa nimemwomba mtoto wa watu abebe peke yake, mbele ya darasa, kitu kilichotendwa na soko zima?

Nilizungumza na mwalimu wa malezi. Nikazungumza na mama yake kijana, naye mwenyewe akiwepo. Mama alisoma insha yote palepale mbele yetu, akamwangalia mwanawe muda mrefu, akasema anashukuru kuijua kwa njia hii kuliko kuisikia kwa jirani. Soko na siku nimevibadilisha hapa, kama tulivyokubaliana.

Darasani tumebadilisha mambo. Hakuna anayesoma kwa sauti asipotaka. Tukijadili insha ya mwenzetu tunasema "msimulizi," hata kama msimulizi amekaa dirishani na wote tunamjua. Mwanzoni walicheka. Kisha nikawaeleza kwamba wachunguzi wa maisha ya Orwell wanabishana mpaka leo kama tembo yule alipigwa kweli na yeye, na wakaona faida yake: msimulizi anaweza kuulizwa chochote, na mwenzako akabaki na siri zake. Swali la "ulirusha?" likageuka kuwa "msimulizi anatuficha nini hapa, na kwa nini?" Ni swali gumu zaidi, lakini halimvui mtu nguo.

Ipo pia insha isiyosomwa na yeyote ila mimi. Tangu Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni, mwalimu wa sekondari anaweza kufundisha insha za mimba za utotoni akiwa na mmoja mbele yake ambaye mada hiyo inamhusu yeye mwenyewe. Mmoja wa hao, aliyepita mikononi mwangu, aliandika juu ya ukurasa: "Madam, hii ni yako tu." Nilisahihisha kwa penseli, nikamrudishia mkononi. Siwezi kusema kilichomo. Nasema tu kwamba baada ya kuisoma siwezi tena kutoa mada ile kwa mdomo mwepesi, kana kwamba inazungumzia watu walioko mbali.

Insha ya jiwe imeandikwa upya mara kadhaa. Toleo la mwisho lina jibu la lile swali la nyuma ya darasa. Jibu ni lake, atalitoa atakapotaka. Lakini kilichoibadilisha insha hakikuwa jibu. Katika toleo la kwanza mtu aliyekimbizwa hakuwa na lolote, alikuwa "mwizi" tu, kama kibarua wa Orwell. Sasa ana sentensi chache: shati la mikono mirefu, kiatu kimoja, umri usiomzidi sana mwandishi, na neno alilokuwa akilirudia huku watu wakimzonga, "nisikilizeni." Kijana anasema alikuwa amelisahau kabisa mpaka alipoanza kumwandika.

Haina mapendekezo. Kwa mwongozo wa kawaida wa kusahihisha ingepoteza alama kwenye hitimisho, na nimemwambia hivyo waziwazi. Kwenye mtihani ataandika ile nyingine, nami nitaendelea kuifundisha kwa bidii, kwa kuwa ana haki ya kufaulu. Mzee wangu wa ofisini ameridhika na nusu hiyo. Nusu nyingine bado tunabishana, na juzi aliazima kwangu kitabu cha Baldwin.

Aliyeibiwa

Yule binti aliyeuliza "ulirusha?" hakuuliza bure. Mama yake anauza dagaa. Miezi ya nyuma aliibiwa kwenye msongamano pochi yenye fedha za mzigo, na fedha zile zilikuwa za mkopo, ile mikopo ya mtaani tunayoiita kausha damu, ambayo marejesho hayasubiri biashara ikae sawa. Mama alipiga kelele. Watu wakakimbia. Hawakumkamata mtu.

Binti ameniambia kwamba wakati insha ya jiwe inasomwa, kila mtu darasani alikuwa akimfikiria anayekimbizwa, na yeye alikuwa akimfikiria aliyepiga kelele. Kwamba siku ile alitamani wangemkamata. Kwamba anajua wangemfanya nini, na bado alitamani. Nikamwambia hiyo ndiyo insha, na kwamba sijasoma inayofanana nayo.

Alikwenda kumwomba mama yake ruhusa kwanza, kama tulivyokubaliana kwa habari za watu wengine. Mama alikuwa anachambua dagaa, akasema sawa.

"Andika, mwanangu. Lakini na hili uliandike: ile hela haijarudi mpaka leo, na marejesho nimelipa yote."